Barua ya wazi kuhusu picha za taarab: tuanze na majina, wazee wangali hai

Kwa Waheshimiwa Wadhamini pamoja na Mkurugenzi,
Unguja.

Assalaam alaykum.

YAH: PICHA ZA TAARAB ASILIA TULIZOWAKABIDHI

Mimi ni mtoto wa mpiga picha ambaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alifuatana na kikundi kimoja cha taarab asilia hapa Unguja, akiwapiga picha jukwaani, mazoezini na maharusini. Baba alipofariki familia ilikaa, ikashauriana, ikawakabidhi ninyi masanduku yote: filamu, picha zilizokwisha kusafishwa na daftari lake. Jina la kikundi mnalijua. Jina la taasisi yenu silitaji humu kwa makusudi, kwa kuwa ninachotafuta ni picha, wala sitafuti kumwaibisha mtu.

Naandika hadharani kwa sababu ya faraghani yamekwisha. Barua zetu zimepokelewa na kugongwa muhuri, na kila nilipofuatilia jibu nimeambiwa faili liko kwa mkubwa. Wanakikundi nao walikuja kwenu kwa njia yao, kwa adabu zote, wakarudi mikono mitupu. Kwa hiyo naomba mnisome kwa uvumilivu. Barua ni ndefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi.

Picha za taarab za zama zile ni chache, na uchache huo una sababu. Kamera nyingi za studio zilitumia filamu ya 120, ambayo kwa picha za mraba roli moja ilitoa picha 12 tu. Filamu iliagizwa kutoka nje na kulipiwa taslimu. Taarab hupigwa usiku, hivyo kila picha ilihitaji flashi, na balbu ya flashi ya wakati ule iliwaka mara moja ikatupwa. Mpiga picha alilipwa na watu wa harusi, hakulipwa na wapiga fidla. Balbu zake aliwawekea biharusi, wazazi na wageni wa heshima. Kumgeuzia kamera mpiga dumbak, ile ngoma ndogo, kulikuwa ni kutoa pesa mfukoni mwake mwenyewe. Baba alizitoa, kwa sababu aliupenda muziki huu na kwa sababu wale wapigaji walikuwa rafiki zake wa barazani.

Sauti za taarab tumezihifadhi kuliko sura. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri zake zikaenea mwambao mzima, na sauti yake tunayo mpaka leo. Kwa sura wengi wetu tunamjua kutokana na picha ileile moja. Bi Kidude, mwimbaji aliyetutoka Aprili 2013, alipigwa picha na dunia nzima alipokuwa mkongwe; za ujana wake ni ngapi? Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa 1905, kile cha Culture Musical Club 1958, na watoto wa skuli wanaweza kuwatajieni tarehe hizo. Lakini muulizeni mtoto huyo mpiga chelo wa mwaka 1962 alikuwa na uso gani. Waimbaji na wapigaji walioishi jirani na hao wakubwa, wakapiga usiku kucha kwa miaka, wengi hawana hata hiyo picha moja. Na wale waliobahatika kuwa nayo, picha yao imo ndani ya masanduku mliyonayo.

Niwaelezeni moja, maana sijui kama imetazamwa vizuri tangu iingie kwenu. Ni picha ya mraba, nyeusi na nyeupe. Jukwaa limeinuliwa kidogo kutoka chini. Mstari wa nyuma wamekaa wapiga fidla wanne, makoti na tai. Mmoja ameinamisha sikio kwenye fidla yake, mkono uko kwenye kigingi, anakaza uzi. Mbele yao kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, imelala mapajani mwa mpigaji, na kwenye vidole vyake vya shahada zinaonekana pete zinazobana risha za kupigia nyuzi. Kipaza sauti ni kimoja tu, cha mwimbaji. Mwimbaji ni mwanamke, amesimama wima, mikono ameiweka pamoja mbele yake. Kutoka kushoto anakuja bibi mmoja kumtunza mwimbaji kwa pesa, taratibu, noti ameinyanyua juu, macho ameyafumba nusu, na midomo yake inaimba ubeti uleule. Nyuma ya picha baba ameandika kwa penseli mwaka na mtaa. Hakuandika majina. Wakati ule kila mtu aliwajua.

Kijana anayejifunza kanuni leo anaweza kukaa na picha hiyo na kuona nani alikaa karibu na nani ili wasikilizane, kabla ya kila chombo kuwa na waya wake na kipaza sauti chake. Kanda haiwezi kumwonesha hayo. Ndiyo maana tulizileta kwenu badala ya kugawana kila mtu na bahasha yake.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Majina.

Hili ndilo kubwa, na kama mtatatua moja tu basi mtatue hili.

Katika orodha yenu nyuso zote zimeingizwa kwa maneno ya aina moja: wanamuziki, mwimbaji wa kike, hadhira. Wanaoweza kusema huyu ni fulani bin fulani wa Malindi, yule alianza na fidla akahamia udi, yule pale mwisho alikuwa akija na baiskeli kutoka shamba, ni wazee waliobaki, na wengi wao wamekwisha kupita miaka 80. Mzee aliyekuwa akipiga chelo kwenye kikundi aliomba mwenyewe aje kukaa na picha hizi. Aliomba kupitia kwangu, akaomba kupitia kwa katibu wa kikundi. Alifariki kabla ya masika na hakuwahi kuoneshwa hata moja. Yeye ndiye aliyewajua wapigaji waliomtangulia, na waliohama baada ya 1964 wakaenda Muscat, Dubai na Mombasa, na nani ni mtoto wa nani. Hayo hayakuandikwa popote, na hakuna tena wa kumuuliza.

Kuskani filamu kunaweza kusubiri mwakani. Mzee wa miaka 85 hawezi kuombwa asubiri mwakani.

Na kazi yenyewe si nzito. Chapeni picha ndogondogo kwenye karatasi ya kawaida, kila moja na namba yake. Wekeni meza penye mwanga mzuri, simu ya kurekodi sauti, na kijana mwenye mwandiko unaosomeka. Waketisheni wazee wawili au watatu pamoja, msimwite mmoja mmoja, kwa sababu mmoja akikosea mwenzake humsahihisha, na katika kubishana huko ndimo yanamotoka mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyauliza. Nimeliona hili nyumbani kwetu na picha chache tulizobaki nazo. Mzee anaanza kwa kusema simjui huyu. Anasogea kwenye picha ya pili, anaona koti, anakumbuka kwamba makoti yale walishonewa wote kwa safari ya Pemba, kisha anarudi kwenye ile ya kwanza na jina linakuja lenyewe, pamoja na la baba yake na la mtaa wake.

2. Hali ya filamu.

Mara ya mwisho niliporuhusiwa kuingia stoo, sanduku lilipofunguliwa nilisikia harufu ya siki. Aliyewahi kushughulika na filamu za zamani anajua maana yake. Filamu za asetati, aina ya plastiki, zikikaa kwenye joto na unyevu huanza kutoa asidi, ileile iliyomo kwenye siki. Asidi hiyo huzidi kuharakisha uozo, na mvuke wake huziambukiza filamu zilizo jirani. Filamu hunywea na kukakamaa, na ule utando uliobeba picha hukunjamana na kubanduka. Ikifika hapo hairudi.

Kisiwa chetu kina unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika ndiyo kabisa. Masanduku niliyakuta sakafuni, yamegusana na ukuta wa nje. Filamu zimehamishiwa kwenye mifuko laini ya plastiki, wakati baba aliziweka kwenye bahasha za karatasi. Kiyoyozi huzimwa ofisi inapofungwa, kwa hiyo chumba hupata baridi mchana na joto usiku, siku baada ya siku, na kupanda na kushuka huko kwa joto na unyevu huzichosha filamu.

Najua taasisi nyingi hapa kwetu zina shida ya majengo. Sote tuliona Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililogeuzwa makumbusho, lilivyoporomoka upande wake mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na kuondoka na roho za watu. Hakuna anayewadai stoo ya kisasa kesho asubuhi. Lakini kuyainua masanduku kutoka sakafuni hakuhitaji mfadhili. Kuzitenga filamu zinazonuka siki na zile ambazo bado ni nzima kunahitaji pua na mikono safi. Zilizokwisha kuanza kuoza zikifungwa vyema ndani ya mifuko miwili isiyopitisha unyevu zinaweza kukaa kwenye friza ya kawaida, na baridi hiyo hupunguza sana kasi ya uharibifu mpaka mtakapopata uwezo wa kuziskani. Si njia bora kuliko zote, ila ni bora mara nyingi kuliko sakafu.

3. Wenyewe wanafungiwa, wengine wanafunguliwa.

Wanakikundi waliomba nakala za picha za waasisi wao ili wazitundike kwenye ukumbi wa mazoezi. Wakapewa fomu ya mtafiti, wakatakiwa walipe ada ya mtafiti kwa kila picha, kisha wakaambiwa wangoje kibali. Ni wazee wanaochangishana ili kununua nyuzi za fidla. Mpaka leo ukuta wao ni mtupu.

Wakati huohuo picha za mkusanyo huu zimetoka kwa mlango mwingine. Zimekuwa kadi za posta zinazouzwa kwa wageni. Mjukuu wa mwimbaji mmoja aliingia dukani Mji Mkongwe, akakuta uso wa bibi yake kwenye rafu ya kadi, muhuri wa taasisi umepita juu ya bega lake. Akainunua. Chini yake pameandikwa kwamba ni mwanamke wa Zanzibar, basi. Hakuna jina lake, wala la kikundi, wala la wimbo wowote kati ya nyimbo alizoziimba kwa miaka yote ile.

Sipingi kuuza kadi. Taasisi inahitaji fedha, na picha nzuri ikiuzwa vizuri inaweza kuzitunza nyingine mia. Ninachopinga ni kumtoza mwanafamilia anayetaka kumwona mzazi wake, huku sura ya mzazi huyo inauzwa bila jina kwa mtu asiyemjua.

4. Makabidhiano.

Barua ya makabidhiano ina saini za pande zote mbili na nakala yake ninayo. Inasema picha zitunzwe; familia na kikundi wazifikie bila malipo; na kila zinapotolewa atajwe aliyezipiga. Haina kifungu kinachohamisha hakimiliki. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tangu 2003, pamoja na chombo cha kuisimamia. Hatujafika huko na hatupendi kufika huko. Tunawakumbusheni tu mlichokisaini.

5. Picha za upande wa wanawake.

Hapa naomba nisikilizwe kwa makini zaidi, kwa sababu kosa hili linaumiza watu walio hai.

Sehemu ya picha zilipigwa ndani, kwenye shughuli za wanawake. Baba hakuingia huko. Aliyepiga ni mama yangu, kwa kamera ya baba, na jina lake halimo kabisa katika orodha yenu. Zote mmeziandika kuwa za baba. Zinawaonesha wanawake wakiwa peke yao, buibui zimewekwa pembeni, nywele zimesukwa upya, wanaimba, wanatunzana, wanacheza. Zimo picha za kidumbaki, muziki wa kuchezwa ulio ndugu wa taarab: sanduku la chai lililogeuzwa besi kwa uzi mmoja, vidumbaki viwili vya ngoma, cherewa za kutikisa, vijiti vya mkwasa, na mpiga fidla aliyeketi karibu kabisa na ukuta huku akina mama wamemzunguka. Kwa macho yangu hizi ndizo picha bora katika mkusanyo mzima. Mama alisimama ndani ya duara, si nje yake, na wale wanawake walimtazama kama shoga yao. Hazikupangwa. Kuna moja ambayo mchezaji amecheka mpaka leso imemdondoka, na mwenzake ameinama kuiokota bila kukosa mdundo. Kwa historia ya muziki wetu nazo ni hazina, maana kwenye shughuli kama hizi ndiko nyimbo za taarab zilikoongezwa kasi zikachezwa, mpaka alfajiri.

Lakini wale bibi walikubali kupigwa picha na mwanamke mwenzao kwa ajili ya albamu za nyumbani. Hawakukubali kutazamwa na kila apitaye njia. Tulipowakabidhi tulilitenga sanduku hilo, tukaandika juu yake na tukaeleza kwa mdomo. Pamoja na hayo, moja ya picha hizo ilitundikwa kwenye maonesho yenu, imekuzwa ukubwa wa mlango. Mwenye picha yu hai. Aliambiwa na jirani aliyeiona. Sitaeleza siku ile ilivyokuwa nyumbani kwake. Inatosha kusema kwamba alimuuliza mama yangu, aliyemwamini, kwa nini amemfanyia vile, na mama hakuwa na la kujibu kwa jambo ambalo hakulifanya yeye.

Mtu asichukue maneno haya kuwa ni hoja ya kulifungia sanduku hilo milele. Namjua bibi mwingine anayeisubiri kwa hamu picha yake ya ujana, aione na awaoneshe wajukuu zake wa kike, na akishawaonesha hao hataki zaidi. Yuko wa tatu ambaye hana tatizo hata ikichapishwa gazetini, bora jina lake liandikwe sawasawa. Kila mmoja ana neno lake, na njia ya kulijua neno hilo ni kumwendea, tena aende mwanamke, akae, azungumze naye. Atakayekataa, amekataa. Aliyefariki, waulizwe binti zake.

Nayajua majibu yatakayokuja, kwa kuwa mengine nimekwisha kupewa dirishani.

La kwanza ni bajeti. Nimeeleza hapo juu kwamba kukaa na wazee, kuyainua masanduku na kuzitenga filamu mbovu ni kazi za karibu bure. Zinazohitaji fedha tutazijadili baadaye, na familia ipo tayari kusaidia kuomba.

La pili, ambalo ndilo hurudiwa zaidi, ni kwamba unasubiriwa mradi mkubwa wa wafadhili wa kuziskani picha zote. Mungu aulete. Ila mradi huo utakapofika utawakuta na maelfu ya mafaili yasiyo na majina, na faili lisilo na jina hakuna atakayelitafuta akalipata. Mfadhili ataleta mashine. Hawezi kuwaletea mtu anayemkumbuka mpiga rika, yaani tari, wa mwaka 1960. Kwa hiyo utaratibu uwe ni majina kwanza, mashine baadaye. Na mradi ukija, tunaomba masharti yake yaoneshwe kwa familia na kikundi kabla hayajasainiwa, ili nakala bora zisije zikawa nje ya nchi nasi tukabaki na za ubora wa chini.

La tatu ni hofu ya wizi na uharibifu, na hii ni hofu ya kweli. Picha nyingi za zamani zimepotea kwa kuazimwa. Basi msiwape wazee picha zenyewe. Wapeni zile za karatasi nilizozitaja, waziguse na kuziandika watakavyo. Hakuna aliyeomba kutoka na sanduku kwapani.

La nne ni kwamba hakuna wataalamu wa taarab miongoni mwa wafanyakazi. Wataalamu mtawapata kwa mwendo wa miguu. Kuna kikundi chenyewe. Kuna vijana wanaojifunza udi, kanuni na fidla katika chuo cha muziki hapa Unguja, Dhow Countries Music Academy, kinachofundisha muziki huu tangu 2002. Kijana wa aina hiyo akikaa pembeni ya mzee, anajua kuuliza kwa nini kanuni iko kulia, kwa nini akordiani imekuja mwaka ule na si mwaka mwingine, na ile filimbi ya nai ni ya nani. Atafaidika yeye, na orodha yenu itafaidika zaidi.

Na liko la tano, lililosemwa na mtumishi mmoja kwa ukali, kwamba tukishatoa tumetoa, hatuna tena kauli. Tulitoa kwa masharti yaliyoandikwa, nanyi mkayakubali. Kauli tunayo.

Tunachoomba ni hiki. Ndani ya mwezi mmoja tangu kutoka kwa barua hii itajwe tarehe ya kikao cha kwanza cha wazee na picha, na baada ya hapo vikao viendelee kila wiki mpaka nyuso zilizojulikana ziishe. Filamu ziinuliwe, zitengwe na zirudishwe kwenye karatasi mara moja, bila kungoja barua nyingine. Kikundi kipewe nakala za ukumbi wake na familia ipewe zake, bila ada, kama ilivyosainiwa. Uuzaji wa kadi usimame mpaka kila kadi iwe na jina la anayeonekana, la kikundi na la mpiga picha. Picha zote za upande wa wanawake ziondolewe hadharani leo hii, jina la mama yangu liingizwe panapostahili, na yule bibi aombwe radhi kwa kuendewa nyumbani, wala si kwa barua. Mwisho, orodha ya vilivyomo ndani ya masanduku itolewe kwa kikundi na kwetu, tujue nini kipo na nini kimekwisha kuharibika. Hata kama habari ni mbaya tunataka kuijua.

Upande wetu tutafanya haya. Tutaleta daftari jingine lililobaki nyumbani, ambalo baba aliandika ndani yake tarehe za shughuli na idadi ya filamu alizotumia. Likilinganishwa na maandishi ya penseli nyuma ya picha litasaidia kupanga miaka. Tutaleta pia picha tulizobaki nazo ili mzichukulie nakala. Binti zetu wawili watakwenda kwa akina bibi mmoja mmoja kuuliza ridhaa, na wataandika jibu la kila mmoja. Chai na vitafunio vya vikao ni juu ya familia.

Mwezi ukipita bila jibu la maandishi tutapeleka nakala ya barua hii, pamoja na ile ya makabidhiano, kwenye wizara inayohusika na utamaduni, na tutaomba rasmi masanduku yarudishwe kwa familia na kikundi. Hatungependa ifike huko. Tuliwachagua ninyi tukijua kwamba picha hizi ni za watu wengi kuliko ukoo wetu, na bado tunaamini zinapaswa kukaa mahali pa umma.

Orodha ya wazee walio tayari nimeiambatisha kwenye nakala ya barua hii niliyoileta ofisini kwenu, pamoja na namba za watoto wao. Wanapatikana asubuhi, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Wawili hawawezi kupanda ngazi, hivyo tunaomba chumba cha chini. Usafiri wa kuwachukua na kuwarudisha majumbani ni juu yangu.

Wenu katika kuutunza muziki huu,

Mtoto wa mpiga picha,
kwa niaba ya familia na kwa ridhaa ya wanakikundi.

Nakala: Katibu wa kikundi.